Nani Alipiga Pedeli

Jumanne ya pili ya Machi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Mihoko Kurata aliikokota baiskeli yake ya zamani hadi kwenye kona ya taka, akaisimamisha kwa stendi, kisha akatoa kitambaa mfukoni na kukipangusa kiti cha nyuma. Katika mtaa ule mtu hatupi kitu kichafu. Majirani wangemwona.

Ilikuwa baiskeli ya akina mama, ya aina ambayo kila nyumba ya Okayama, Japani, yenye watoto imewahi kuwa nayo: fremu iliyobonyea katikati ili mwenye sketi avuke bila taabu, kikapu mbele, kiti cha plastiki cha mtoto juu ya keria, na stendi ya miguu miwili iliyo imara kuliko ndoa kadhaa za mtaani hapo. Kiti hakikuwa kimekaliwa kwa miaka kumi na miwili. Mtoto aliyekuwa akikikalia, Nagi, sasa alikuwa na miaka kumi na minane, na mwisho wa mwezi angehamia Sendai, mbali kaskazini, kusoma chuo kikuu. Mihoko mwenyewe alikuwa na arobaini na tisa na goti la kulia lililojua mvua kabla ya redio. Alikuwa amepiga simu idara ya taka kubwa, akapewa tarehe, akanunua stika ya malipo dukani, akaandika jina lake na kuibandika kwenye usukani. Kila kitu kilikuwa kimefuata utaratibu.

Saa mbili kasorobo kengele ya mlango ililia. Nje walisimama wazoa taka wawili, kofia mikononi.

"Samahani sana kukusumbua asubuhi yote hii, mama," alisema yule mkubwa. "Baiskeli yako ina mtu."

Mihoko alivaa kandambili akawafuata. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa msichana wa miaka minne, kofia ngumu ya manjano kichwani, mkanda umefungwa, akipigapiga visigino kwenye vikanyagio: mara mbili kulia, mara moja kushoto. Kwa visigino vile tu Mihoko alimtambua. Alikuwa Nagi.

"Ni wa kwako?" aliuliza mzoa taka.

"Ni wangu. Ila mwenyewe yuko ndani anapiga mswaki."

Mzoa taka alitoa karatasi yake na kupitisha kidole chini. Kulikuwa na makabati, magodoro, majiko, feni, baiskeli. "Baiskeli tunachukua," alisema. "Mtoto hana fungu." Mwenzake alipiga simu ofisini. Ofisi ikauliza kama abiria anaweza kuteremshwa. Walijaribu kwa heshima zote. Mkanda ulifunguka vizuri, lakini walipomshika mtoto kwapani na kumnyanyua, kilichonyanyuka ni baiskeli nzima. Ofisi ikatoa uamuzi kwamba chombo kinachotumika si taka, na kwamba stika itaendelea kuwa halali mpaka kiti kitakapokuwa wazi. Wazoa taka waliinama, wakachukua feni ya Bi. Hamasaki wa nyumba ya pili, wakaenda zao.

"Mama," alisema mtoto. "Leo Jumapili?"

"Jumanne."

"Basi nitasubiri."

Mihoko aliikokota baiskeli kurudi nyumbani, akaiweka chini ya upenu mahali pake pa kawaida, akamletea mtoto tonge la wali lililofungwa kwa mwani. Alilila lote.

Hapa lazima ielezwe habari ya Jumapili, kwa sababu katika nyumba ya Kurata Jumapili zilikuwa na wenyewe wawili, na mmoja wao alikuwa anajidanganya.

Yasunori Kurata, mume wa Mihoko, alikuwa na miaka ishirini na sita katika kampuni inayotengeneza mipira ya kuzibia vifuniko vya majungu ya umeme ya kupikia wali. Ni kazi muhimu. Mpira ukilegea, nchi nzima inakula wali mkavu. Miaka ile Nagi alipokuwa mdogo, Yasunori alikuwa akitoka nyumbani mtoto hajaamka na kurudi mtoto ameshalala, na siku ya Jumapili alilala yeye. Hakuna aliyemlaumu, maana alikuwa amechoka kweli. Lakini mweke Yasunori mbele ya mgeni, mmiminie bia, na glasi ya pili haijafika nusu ataanza kukusimulia jinsi alivyokuwa akimpakia binti yake kila Jumapili na kwenda naye kando ya Mto Asahi. Atakueleza siku kiatu cha mtoto kilipoanguka njiani bila mtu kujua. Atakueleza daraja la reli, ambapo walikuwa wakisimama kuhesabu mabehewa, na behewa jekundu mtoto alilazimisha lihesabiwe mara mbili. Atakueleza siku ya mvua, walipojibanza kwa muuza tofu, ile jibini ya soya, wakapewa vipande vya moto vya kukaanga.

Alieleza vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi Mihoko. Maana aliyekuwa akipiga pedeli Jumapili zote zile, miaka minne mfululizo, jua na mvua, alikuwa Mihoko.

Hakuwa mtu wa kubishana mbele ya wageni. Aliongeza biringanya za siki mezani, akasubiri. Alichotaka ni kitu kidogo: mtu mmoja aseme kwa sauti kwamba alikuwa yeye. Na mtu huyo alikuwepo. Kila mara baba yake alipofika kwenye kiatu, Nagi aliinua macho kutoka kwenye simu na kusema, "Baba, wewe ulikuwa umelala. Mimi nakumbuka mgongo wa Mama. Alikuwa na koti la mvua la buluu, linanukia vitunguu." Yasunori alicheka na kumuuliza mgeni mtoto wa miaka minne anaweza kukumbuka nini. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, na usiku huo Mihoko alilala usingizi mzuri.

Sasa Jumanne ile Yasunori alitoka na tai shingoni, mkoba mkononi, akamkuta mtoto chini ya upenu. Uso ukamng'aa.

"Ahaa, abiria wangu," alisema, akachuchumaa. "Unaikumbuka siku ile ya kiatu?"

Mtoto alimtazama kuanzia viatu hadi tai. Alikuwa amefundishwa adabu.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

Huko mtoto humwita mjomba mwanamume yeyote asiyemfahamu: mwenye duka, askari wa barabarani, mtu wa kusoma mita. Nagi mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, alicheka hadi povu likamdondokea kifuani.

"Mjibu basi," alisema. "Mtoto anakusalimia, mjomba wa mita."

"Marahaba," alisema Yasunori, akaenda kazini.

Jioni alirudi akiwa amejipanga. Alikula supu yake hadi mwisho, kisha akasema watoto wa umri ule huwa wanasahau watu, ni jambo la kitaalamu.

"Mimi hajanisahau," alisema Mihoko.

"Wewe unamlisha."

Mihoko aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na daftari lenye picha ya sungura kwenye jalada. Shule ya chekechea ya Nagi ilikuwa ikiwataka wazazi waandike kila asubuhi mtoto alifanya nini nyumbani, ili walimu wajue. Mihoko aliandika kila siku. Na Yasunori alisoma kila siku, huku akila chakula kilichopoa. Kwa miaka kadhaa ile ndiyo ilikuwa njia yake ya kumjua binti yake, na lazima isemwe kwamba hakuruka hata ukurasa mmoja. Mihoko alifungua mwezi wa Oktoba, akasoma kama hakimu.

"Jumapili. Kwenda mtoni kwa baiskeli. Kiatu cha kushoto kuanguka. Kurudi kukitafuta hadi kwa muuza tofu. Kukikuta juu ya nguzo ya uzio. Kufurahi sana."

"Si ndivyo ninavyosema siku zote?" alisema Yasunori.

"Nani alirudi kukitafuta?"

"Soma hapo. Kurudi kukitafuta. Nilirudi."

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wako. Nani amekataa? Wewe ulikuwa na mwandiko mzuri tangu zamani."

Mwenye kusoma habari hii kwa Kiswahili atamwona Yasunori ni mwongo. Hakuwa mwongo, alikuwa msomaji. Sisi kitenzi chetu hakiondoki bila mtu mgongoni. Lazima useme nilikwenda, alikwenda, walikwenda, hata mtoto anayejifunza kusema hulijua hilo. Kwao, kwa Kijapani, kitenzi huruhusiwa kuondoka kitupu, na ni juu ya anayesikia kuona nani amepanda. Kwa kawaida haileti taabu, maana wote mnajua. Lakini Yasunori alisoma sentensi zile tupu peke yake, usiku baada ya usiku, akiwa na hamu ya mtoto aliyelala chumba cha pili. Akapanda. Baada ya miaka michache alikuwa ameshazizoea kona zote.

"Mama, sasa kwa nini hukuandika kwamba ni wewe?" aliuliza Nagi.

"Nani anajitaja kwenye daftari lake mwenyewe?" alisema Mihoko. "Ningeonekana najisifu."

Mtoto aliendelea kukaa chini ya upenu. Hakulia, hakukua, hakuomba kwenda chooni. Jua lilipozama aliinamisha kofia yake ya manjano akalala, na Mihoko akamfunika kwa turubai la plastiki la kufunikia kiti. Bi. Hamasaki, aliyekuwa na zamu ya kusimamia kona ya taka, alikuja kuuliza kama kiti kitakuwa wazi lini, akaambiwa haijulikani, akaandika kwenye orodha yake "haijulikani." Siku ya kuondoka Nagi mkubwa aliinama mbele ya Nagi mdogo, akalegeza mkanda wa kofia chini ya kidevu kwa tundu mbili.

"Hii ilikuwa inanikaba sana," alimwambia mama yake. "Nilikuwa naogopa kukwambia."

"Asante, dada," alisema mtoto.

Nagi akachukua begi lake, akasema anakwenda na atarudi kama inavyosemwa pale mlangoni, akaenda Sendai.

Jumapili iliyofuata mtoto aliamka mapema. Alijua siku bila kuambiwa. Mihoko alivaa suruali nyepesi, akajifunga bandeji gotini, akapanda. Wakafika posta, ambayo ni mita mia nne. Hapo goti likakataa.

"Mama, umezeeka?" aliuliza mtoto.

"Kidogo."

"Basi nisukume."

Alimsukuma hadi nyumbani, na jioni goti lilikuwa limevimba kama kiazi. Daktari alimwambia asahau baiskeli. Jumapili ya pili mtoto alisubiri chini ya upenu tangu asubuhi hadi machweo, akipigapiga visigino, mara mbili kulia, mara moja kushoto. Sauti ile ilisikika hadi jikoni. Ikasikika hadi chumbani, ambako Yasunori alikuwa amelala, na ni vigumu kulala Jumapili huku mtoto anayekuita mjomba anagonga plastiki dirishani. Jumapili ya tatu alitoka nje amevaa raba.

"Nitampeleka mimi," alisema. "Njia naijua."

"Mama amesema nisiende na watu nisiowajua," alisema mtoto.

Wote wawili wakamgeukia Mihoko.

Mihoko alifurahi. Alifurahi kwa namna ambayo mtu mzima hapaswi, na aliikalia furaha ile muda wa kutosha kumwona mume wake akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu.

"Mwambie mimi ni nani," alisema Yasunori.

"Ni mtu mwema," Mihoko alimwambia mtoto. "Anafanya kazi ya mipira. Nenda naye. Mrudi kabla ya saa sita."

Angeweza kusema ni baba yako. Hakusema.

Yasunori hakuwa amempakia mtu kwenye baiskeli tangu azaliwe. Aliyumba, akakigonga chungu cha maua cha Bi. Hamasaki, akaomba radhi bila kusimama kwa sababu hakujua kusimama, akatokomea kwenye kona. Walirudi saa saba. Suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini, na mtoto alikuwa na ua la manjano lililochomekwa kwenye tundu la kofia. Mihoko aliweka chakula mezani. Yasunori alikula kwa pupa, na alipotua vijiti alisimulia, kwa lugha yake ile isiyolazimika kumtaja mtu.

"Kwenda hadi daraja la reli. Kungoja treni kumi na nne. Mteremko wa kwa muuza tofu, kuogopa kidogo. Kuanguka mara moja, kwenye majani, salama."

Mihoko aliushusha uso wake kwenye bakuli. Kwa muda wa sentensi zile nne alikuwa amejiona yeye mwenyewe, ana miaka thelathini na tano, magoti mawili mazima. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba habari ilikuwa ya leo na haikumhusu.

Basi ikawa desturi. Kila Jumapili Yasunori alivaa raba, Mihoko akafungua kufuli, mtoto akashika kiuno cha shati. Yasunori alijifunza. Alijua sasa kwamba behewa jekundu ni mawili na kwamba ukiliruka unahesabu upya. Alijifunza kuteremka polepole kwa muuza tofu, na kutokuuliza maswali karibu na bwawa la vyura. Mtoto naye alimpandisha cheo taratibu: alikuwa mjomba, akawa mjomba wa mipira, akawa mjomba wetu. Jumapili moja ya Mei, juu ya tuta la mto, upepo ukivuma kutoka mbele, bila ya mtu kumfundisha alisema, "Baba, polepole."

Yasunori alisimama akakagua mnyororo. Mnyororo ulikuwa mzima. Aliukagua kwa muda mrefu sana.

Siku ile alipofika nyumbani hakusimulia kitu. Aliosha mikono, akakaa, akamtazama mke wake.

"Miaka ile nilikuwa nimelala, sivyo?"

"Ulikuwa umelala," alisema Mihoko.

"Nilikuwa nimechoka."

"Ulikuwa umechoka."

"Ni wewe uliyekuwa unampeleka."

Mihoko aliliweka birika la chai mezani. Miaka kumi na minne alikuwa amelisubiri neno lile, na sasa limekuja jikoni, hakuna mgeni, hakuna hata jirani, limesemwa kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Alilipokea hivyo hivyo. Alisema ndiyo. Yasunori akasema atairekebisha ile hadithi, si haki kuisimulia vile, na Mihoko akaamini kabisa kwamba atafanya hivyo.

Jumamosi iliyofuata alikuja Bwana Tomioka, rafiki wa kazini. Glasi ya pili haijafika nusu, Yasunori alianza na kiatu. Alisimulia vizuri kuliko siku zote, maana sasa aliujua uzio wenyewe, na nguzo ni ya ngapi kutoka kwa muuza tofu. Katikati alimtupia Mihoko jicho, akasita, akaona ameshafika mbali mno kurudi, akaendelea. Bwana Tomioka alisema akina baba kama hawa siku hizi ni wachache. Mihoko akaongeza biringanya.

Hilo angelivumilia. Alikuwa amelivumilia tangu zamani, na alikuwa na shahidi wake Sendai.

Nagi alipiga simu kila Jumapili, wakati baba yake yuko mtoni. Aprili alizungumzia chumba chake, baridi, na mwalimu anayekohoa. Katikati ya Mei aliuliza kitu kingine.

"Mama, siku ile ya kiatu, Baba alikuwepo?"

"Alikuwa amelala. Wewe ndiye unayesema siku zote."

"Najua. Ila nikiikumbuka naona mgongo mpana. Na shati."

"Na koti la buluu?"

Nagi alitafuta kichwani. "Koti la buluu lilikuwa la nani?" aliuliza.

Juma lililofuata alikuwa na uhakika zaidi. Alikumbuka mabehewa, na sauti ya baba yake akihesabu kwa kukosea. Alikumbuka wameanguka kwenye majani, salama. Mwanzoni mwa Juni alisema jua lilikuwa linawaka kwenye upara wa Baba hata yeye nyuma akafumba macho.

"Baba yako wakati ule alikuwa na nywele," alisema Mihoko. "Nyingi tu. Upara umeanza juzi."

"Mimi nakumbuka upara," alisema Nagi kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunja moyo mzee.

Mihoko alielewa. Hakuwa mjinga, na hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kila Jumapili ambayo Yasunori alimpakia yule mtoto, Nagi wa Sendai alipata Jumapili moja ya kuwa na baba, na ilikuwa haina pa kukaa isipokuwa palepale palipokuwa na koti la buluu. Bado zilikuwa zimebaki kadhaa. Siku ya mvua ilikuwa bado yake.

Jumapili ya tatu ya Juni aliamka kabla ya wote, akachukua ufunguo wa kufuli la baiskeli, akauweka ndani ya debe la mchele, akasukuma kwa mkono hadi chini kabisa. Yasunori aliutafuta kwenye ndoano, mifukoni, chini ya kabati la viatu. Mihoko alimsaidia kutafuta. Saa nne Yasunori alikata tamaa, akaketi kwenye kizingiti na raba zake, akainamisha kichwa. Yeye pia alikuwa amekosa kitu, na ilionekana.

Mihoko alitoka nje kuanika nguo. Mawingu yalikuwa yamejaa. Mtoto alimfuata kwa macho, shati baada ya shati.

"Mama, leo si Jumapili?"

"Ni Jumapili."

"Baba anaumwa?"

"Haumwi."

Mtoto hakuuliza tena. Alianza kupigapiga visigino, halafu akaviacha, akavikunja chini ya kiti ili visipige kelele. Alikuwa na miaka minne na tayari alikuwa anajitahidi asisumbue. Mihoko aliijua tabia ile. Alijua aliitoa kwa nani, na hakupenda kabisa kuiona ikimkaa mtoto.

Aliingia ndani, akafungua debe, akauchimbua ufunguo, akaupuliza unga, akampa mume wake. Alimwambia ulikuwa kwenye mchele. Yasunori akasema vitu huwa vinajificha mahali pa ajabu. Mihoko alitaka kumrushia debe, na wakati huohuo alitaka waondoke upesi kabla mtoto hajazoea kukaa vile. Akamfunga mkanda mwenyewe. Akauangalia mkanda wa kofia usimkabe. Alijua anachokitoa, na kilimuuma, na alikitoa.

"Nendeni salama," alisema.

Saa tano na nusu mvua ilinyesha, kubwa, ya ghafla, ya Juni. Saa sita kasoro dakika kumi simu ikalia.

"Mama," alisema Nagi. "Huku jua kali, lakini nimekumbuka mvua. Tulijibanza kwa muuza tofu, mimi na Baba. Akavua shati akanifunika, akabaki na fulana, anatetemeka, huku anajifanya haoni baridi. Tukapewa tofu ya moto."

"Mlipewa," alisema Mihoko.

"Sijui kwa nini nilikuwa namcheka nikiwa hapo nyumbani. Eti alikuwa amelala. Mambo yale yote alikuwa ananifanyia yeye." Alikuwa analia kidogo, kilio kizuri. "Nilikuwa na utoto mzuri, Mama."

"Ndiyo. Ulikuwa nao."

Nje maji yalikuwa yanamwagika kwenye upenu, mahali pa baiskeli pakiwa patupu na pakavu. Wangechelewa, kwa muuza tofu mvua ikikushika haikuachii haraka, na mwenye duka anapenda maneno.

"Na wewe je?" aliuliza Nagi, akipangusa pua. "Jumapili zile sisi tukiwa mtoni, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Mihoko alilifikiria swali lile. Lilikuwa swali la mtoto anayempenda mama yake na anataka kujua. Halikuwa na ubaya wowote ndani yake.

"Nilikuwa napumzika," alisema.

"Afadhali," alisema Nagi. "Angalau mmoja wenu alikuwa anapata usingizi."

Mihoko akamuuliza kama anakula mboga.